Kabati la Rahema Lisilo na Msumari

Miguu yangu haijui kukaa. Nikichoka kwa binti yangu Embu naenda kwa kijana wangu Meru, na hata huko Meru hunipati nyumbani. Pita Makutano, nyuma ya maduka, pale mafundi wa mbao wanaporanda, uulize karakana ya Rahema. Nitakuwa nimekaa hapo juu ya vipande vya mbao na kikombe cha chai.

Rahema nilimjua kwanza Embu. Alikuwa akiishi kwa shangazi yake, akatumwa kwa fundi Ndwiga kuchukua kiti, akasimama kutazama kinavyomaliziwa. Kesho yake akarudi bila kutumwa. Hakuondoka kwa Ndwiga mpaka alipoijua kazi.

Sasa, baba yake, Jumaa, ana bucha hapo Makutano, na hana mtoto mwingine. Binti aliporudi na msumeno begani, mzee hakugomba. Lakini kila akipita mbele ya karakana na ile aproni yake alikuwa anauliza, "Bado tunacheza na mbao?"

"Bado tunacheza, Baba," Rahema anamjibu, na randa haisimami.

Siku moja akaja Mama Karambu, mwenye hoteli ya chai kule Kiirua. Huyu mama amehamishwa na wenye nyumba mpaka amezoea. "Nataka kabati la vyombo," akasema, "lakini liwe la kung'oka. Nikiambiwa hama, nalifungua, nabeba, nalisimamisha kwingine. Usinitilie msumari. Gundi pia sitaki."

Jumaa alikuwa mlangoni, akasikia. Akaingia, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu karakana ifunguliwe.

"Rahema, mimi magoti yamekataa," akasema. "Hili kabati likisimama imara bila msumari, sitakuita tena buchani. Likitikisika, funga hapa uje ushike kisu. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba. Nimekubali."

Mimi nikajimiminia chai nyingine.

Kazi yenyewe iko hivi. Zile mbao mbili za kando unazichimba mifereji kwa ndani, na kila rafu inaingiza kingo zake kwenye mfereji wake. Rafu ya juu na ya chini zinapenya hadi nje, zinafungwa kwa kabari. Mfereji ukiwa mpana kidogo tu, rafu inacheza na kabati zima linacheza nayo. Ukiwa mwembamba, rafu haiingii, na ukiigonga kwa nguvu plaiwudi inabanduka maganda kama kitunguu.

Rahema alipima ubao wa kwanza, akachimba mifereji yote kwa unene wa ule ubao mmoja, maana mbao zote zilikuwa za plaiwudi, zimepigwa mhuri wa milimita kumi na nane. Alichimba vizuri, mistari imenyooka. Kisha akaanza kuingiza rafu. Ya kwanza ikaingia ikatulia. Ya pili ikaingia na kulegea kama jino la mtoto. Ya tatu ikaingia upande mmoja na kukwama upande wa pili. Akachukua futi akapima tena. Huo ubao wa pili haukufika hata kumi na saba na nusu. Wa tatu ulikuwa umenenepa mwisho mmoja.

Ishmael, fundi wa jirani, akachungulia juu ya ua wa mabati. "Dada, tia msumari kwa nyuma, upake rangi. Nani atajua?"

"Mimi."

"Wewe utamwambia nani?"

"Baba ataniuliza, Ishmael. Na wewe unajua mimi sijui kumdanganya."

Ishmael akacheka, akarudi kwa vitanda vyake. Rahema akakaa sakafuni na mbao zake zilizoharibika. Hakulia. Alizisimamisha ukutani, akaenda kuleta mbao nyingine mbili za kando.

Safari hii aligeuza kazi. Mifereji aliichimba kwa patasi, myembamba kuliko ubao wowote aliokuwa nao. Halafu akachukua rafu moja moja, akaipunguza kingo kwa chini tu, kidogo, akaijaribu mferejini, akaitoa, akapunguza tena. Unene wa mwili wa rafu haukumsumbua tena; kilichoingia mferejini ni ule ulimi aliouchonga mwenyewe. Na kwa sababu kila rafu ilikuwa imezoea mahali pake tu, ilibidi aziwekee alama. Mtu mwingine angeandika moja, mbili, tatu. Yeye aliandika kwa penseli: shingo, kidari, mbavu, figo, paja. Hata kwenye mifereji. Nikacheka mpaka nikakohoa.

"Babu, unacheka nini?" akaniuliza. "Nimelelewa buchani. Nikiandika hivi sikosei."

Tukalipeleka Kiirua kwa pikapu, limefungwa kama mzigo wa kuni. Jumaa akafunga bucha asubuhi hiyo akaja nasi. Rahema akalisimamisha kabati ndani ya hoteli, watu wameacha chapati zao wanatazama. Jumaa akalishika kwa juu, akalivuta kwa uzito wake wote, vile anavyovuta paja kuona kama ndoano imeshika. Kabati halikusema hata kidogo. Akalisukuma kutoka upande wa pili. Kimya.

"Sasa lifungue tena nione," Mama Karambu akasema.

Rahema akagonga kabari, likafunguka, rafu zikalala kwenye meza. Na alipotaka kulirudisha, babake akanyoosha mkono. "Ngoja. Hebu nipe mimi."

Akainua rafu moja, akasoma ile penseli, macho yakakaa hapo. Akaangalia mfereji. Akaanza: shingo juu, kidari, mbavu, bila kumuuliza mtu yeyote, kwa haraka ya mtu ambaye amepanga nyama maisha yake yote. Kila moja ikaingia na ule mlio mdogo wa ubao unaokaa. Akagonga kabari ya mwisho kwa kiganja.

"Kumbe fundi ni Jumaa!" mtu mmoja akasema kutoka nyuma.

"Wewe, koma," Jumaa akamjibu. Akamshika Rahema bega mbele ya hao watu wote. "Fundi ndiye huyu. Huyu ni wangu. Mimi leo nimembebea tu."

Mama Karambu alikuwa ameshaanza kupanga vikombe.

Tulikuwa tunarudi kwa gari, tumekaribia mjini. Jumaa akasema, akitazama barabara, "Rahema. Mtu akikuulizia kazi ya kukata nyama, mwambie nimefungua nafasi buchani."