Moto wa Msiba Uliozimwa na Fanueli

Kwa miaka tisa Fanueli alilinda chombo kilichokuwa kwenye kilima chetu, nje kidogo ya Igowole. Kilikuwa ndani ya kibanda cha bati chenye kioo paani, na chini ya kioo kamera iliyotazama juu. Walikileta watafiti wa chuo kimoja cha Mbeya. Fanueli alizoea kutueleza hivi: juu sana, kilomita themanini na zaidi, hewa yenyewe hutoa mwanga usiku, hafifu mno kwa jicho. Ukiupima, unajua ukali wake na unajua pia joto la huko. Halafu huongeza kwamba "joto" ni neno tu, maana huko ni nyuzi themanini chini ya sifuri.

Kazi yake ilikuwa kufuta umande kwenye kioo, kuandika hali ya mawingu, na kuhakikisha hakuna mwanga karibu. Nyumba yake ilikuwa hatua mia mbili tu kutoka kibandani, kwa hiyo mkewe Yusta alipika kabla jua halijazama, na wakala bila taa. Miaka yote tisa.

Yusta alifariki mwezi Agosti mwaka juzi, katika wiki ya giza. Kwetu kila nyumba huleta gogo moja la msiba, na moto huwaka uwanjani mpaka siku ya tatu. Mimi ndiye huandika nani kaleta. Jioni ile niliandika magogo arobaini na moja.

Saa tatu usiku Fanueli alitoka ndani akasimama mbele ya moto.

"Jamani, naomba tuuzime."

Jirani yake Dastan alicheka, akidhani ni utani. "Baba Matilda, kaa uote. Leo mashine ikalale."

"Hizi ndizo siku zake. Mwezi haupo, mawingu hakuna. Moto huu utaharibu vipimo."

Bertha, mdogo wa marehemu, alikuwa amejifunga khanga mbili kwa baridi. "Shemeji, dada yangu amekula gizani miaka tisa kwa ajili ya hicho kibanda. Na leo umlaze gizani?"

"Ni kazi, shemeji. Nimeaminiwa."

"Na sisi je?"

Fanueli alichota maji kwenye pipa, akamwaga ndoo ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwetu mfiwa hashikwi mkono kuzuiwa, kwa hiyo tulimtazama tu, moshi ukituingia machoni. Kufika saa sita tulibaki watu watatu. Asubuhi magogo yalikuwa meupe kwa sakitu, umande ulioganda kwa baridi. Usiku wa pili na wa tatu hakuna aliyekuja kulala.

Novemba alifika Ipyana, mtafiti kutoka Mbeya. Nilikuwepo. Fanueli alimwandalia chai, akafungua daftari lake kwenye tarehe zile tatu.

"Hizi zilitokaje?"

Ipyana alitazama kompyuta yake. "Hizo hatukuzitumia, mzee. Kipoza cha kamera kiliharibika Julai. Vipimo vyote tangu hapo tumevitupa."

"Mlijua lini?"

"Mwanzoni mwa Agosti. Kuna mtu alikuwa akupigie simu." Akanywa chai. "Ila daftari lako ni safi sana. Endelea hivyo hivyo."

Januari alifariki baba yake Dastan. Fanueli alikuwa wa kwanza kufika, na begani alibeba gogo la mkaratusi kubwa kuliko yote yaliyoletwa siku ile. Niliandika: Fanueli, moja. Dastan alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaliegemeza ukutani.

Alfajiri ya siku ya tatu kuni zikaisha. Watu wakatumwa kuomba nyingine ng'ambo ya bonde. Gogo la Fanueli lilikuwa palepale ukutani, kavu, naye amekaa mkabala nalo, akiota makaa ya wenzake.