Jiwe Alilolisogeza Sifaeli

"Hivi kweli Baba Vaileth, watu wazima na akili zao wanakulipa ukawabebee mawe? Kwao yameisha?"

Swali hilo aliulizwa siku moja na jirani yake, Mama Elinaza, alipopita kando ya migomba yake na mzigo mgongoni. Sifaeli Nnko alicheka tu, akashika njia.

Saa moja asubuhi, Usa River. Sifaeli, mwenye miaka hamsini na sita, anatua mifuko ya mawe kwenye stoo iliyo nyuma ya nyumba ya wageni. Kila mfuko una namba. Yote ameishusha mwenyewe kutoka Mlima Meru, kilo ishirini kila safari, kule juu ambako miti imekwisha na upepo unapasua midomo.

Ni mpagazi wa miaka ishirini na mitatu. Zamani alibeba mahema ya watalii. Sasa anawabebea watafiti wa hali ya hewa ya kale, wanaotaka kujua kama barafu iliwahi kulala kule juu, na iliondoka lini.

"Mwanzoni niliona mchezo," anasema. "Sasa nimeelewa. Barafu ikiondoka jiwe linabaki wazi, mionzi ya angani inaanza kulipiga. Wanakata kipande cha juu, maabara inasoma limepigwa miaka mingapi. Ila liwe halijasogezwa."

Hilo la kusogezwa ndilo lililomkosesha raha wiki nzima.

Jiwe namba saba analijua. Miaka tisa iliyopita, upepo ulipokuwa unawazimia moto, yeye na wapagazi wenzake walilibingirisha kukinga jiko. Siku watafiti walipolikata, Sifaeli alikuwa ameteremka kuchota maji. Aliporudi, kipande kilishaingia mfukoni.

Alimweleza Arnold, kiongozi wa wapagazi, ambaye ndiye anayechagua nani apande na nani abaki.

"Mzee, nyamaza," Arnold alimjibu. "Jiwe lina mdomo? Wakisikia tunachezea mawe, mwezi ujao wanachukua watu wengine."

Sifaeli ana binti chuoni, na mibuni yake imezeeka. Ada inatoka mlimani. Akakaa kimya siku sita. Jumapili alisimama na kwaya kama kawaida, "lakini sauti ilikataa," anasema.

Leo Dakta Lilian, mkuu wa watafiti, anafunga masanduku ya kwenda maabara. Arnold ameshika orodha ya wapagazi watakaopanda mwezi ujao. Sifaeli anavua kofia.

"Dakta, namba saba usiipeleke."

"Kwa nini, mzee wangu?"

"Tulilibingirisha sisi wenyewe. Kukinga jiko."

"Mwanzo lilikuwa limelalia upande gani?"

"Hapo nisikudanganye. Sikumbuki."

Dakta Lilian anautoa mfuko sandukuni, anafuta namba kwenye daftari.

"Na haya mengine?"

"Hayo hatukuyagusa. Na yapo mengine, mbali na kambi zote, nayajua. Nikijaliwa kupanda tena nitakuonyesha moja moja."

Sifaeli anamgeukia Arnold. Arnold anaiweka orodha juu ya sanduku, anachukua koti lake, anatoka.