Neno Lililoandikwa Nyuma ya Lori

Nina tabia iliyonitesa tangu utotoni: sifungi mlango mara moja. Naufunga, naondoka, halafu narudi kuujaribu. Nilipojifunza kutengeneza tovuti, peke yangu, kwa kitabu chakavu na kompyuta za kafe moja ya intaneti pale Makambako, tabia hiyo ilinifuata. Kila asubuhi, kabla wateja wa kafe hawajaingia, nilifungua tovuti niliyomtengenezea mwenye malori mmoja na kuisoma kama msahihishaji wa mtihani.

Mwenye malori tulimwita Hajji. Alihamia Makambako serikali ilipoiacha biashara huria na kila mwenye lori akawa anajitafutia mzigo mwenyewe. Tovuti yake ilikuwa ukurasa mmoja tu: picha ya lori, njia anazopita, namba ya simu. Neno la siri la kuingilia alilichagua yeye. Lilikuwa maneno yaliyochorwa kwa rangi nyekundu nyuma ya lori lake la kwanza, "Subira Njema". Nilimwambia neno la siri linatakiwa liwe gumu. Akasema hilo hatalisahau hata akiwa na homa. Nilimwogopa, nikaliacha hivyo, kisha nikakosa usingizi.

Asubuhi moja ya manyunyu nilikuta namba ya simu imebadilika tarakimu ya mwisho.

Kwanza nilijishuku mwenyewe. Mimi nikiona kosa, mtuhumiwa wa kwanza huwa ni mimi. Lakini jana yake nilikuwa nimeisoma, ikiwa sahihi. Nikaazima simu ya mwenye kafe na kuipiga. Akapokea mwanamume mwenye sauti ya upole, akajitambulisha kuwa karani wa Hajji.

"Leo utatusamehe dada, lori liko Njombe linapakia viazi. Mzigo wako uko wapi?"

Hajji hakuwahi kuwa na karani. Nikakata simu.

Nilirudisha namba ya kweli. Ukurasa ukafunguka polepole, namba ikawa sahihi. Nikaufungua tena kuhakikisha, na ile ya uongo ilikuwa imesharudi. Mtu alikuwa ndani pamoja nami, wakati uleule, ana ufunguo uleule.

Nilikimbia hadi kwa Hajji, nikamkuta anakunywa chai. Alidhani nimekosea kuandika na nimekuja kujitetea. Nilipomweleza habari ya viazi, aliweka kikombe chini na kumpigia mteja wake wa Dar es Salaam. Mteja alishangaa. Alikuwa amepoteza namba ya Hajji, akaichukua kwenye tovuti, akapatana na "karani". Kufikia saa hizi lori la huyo karani lingekuwa limefika kwa mama mmoja mjane, huko Njombe, njia ya Lupembe, ambaye humuuzia mteja huyo viazi kila msimu, na malori ya Hajji huvibeba.

"Wameingiaje?" Hajji aliniuliza.

"Hajji, neno lako liko nyuma ya lori. Kila anayekufuata barabarani analisoma, kutoka hapa mpaka Mbeya."

Alikuwa ameshaanza kutafuta namba ya duka lililo jirani na yule mama.

Mwenye duka alikwenda kumwita. Tulisubiri, mvua ikisikika ndani ya simu. Mama alipofika, Hajji alimsalimu, akamwambia lile lori si lake, asipakie.

"Na wewe nitakujuaje?" mama aliuliza. "Huyu hapa naye ni wa Hajji, na amekuja na lori. Wewe umekuja na sauti tu."

Hajji akaanza kuapa. Nilijua kiapo hakitasaidia, maana hata yule mwingine angeweza kuapa. Magunia yale yalikuwa mwaka mzima wa yule mama. Nikafanya jambo ambalo sikuwahi kuthubutu: nikaichukua simu mkononi mwa Hajji.

"Shikamoo mama. Usituamini sisi, wala usimwamini huyo. Mwambie asubiri. Usipakie mpaka aje dereva unayemjua kwa sura."

"Viazi vitalowa."

"Vifunike, mama. Vikilowa bado ni vyako."

Alisema kitu kwa Kibena na mtu aliyekuwa karibu naye, kisha simu ikakatika.

Tulirudi kafe. Safari hii nilibadilisha neno la siri kwanza, namba baadaye. Hajji aliliandika mwenyewe kwa kidole kimoja, refu, lisilosomeka popote, akaninong'oneza ili nami nilishike kichwani. Niliufungua ukurasa tena na tena. Namba haikubadilika. Yaliyokuwa yakiendelea Njombe hatukuyajua.

Alasiri yule mwenye duka alipiga. Dereva wa lile lori la uongo alipoambiwa asubiri, alimdhihaki mama na wanawake waliokuwa wakimsaidia kupakia kwamba wanaogopa lori kama watoto. Wao wakashusha magunia machache yaliyokuwa yamekwisha kupakiwa. Akasema anakwenda kutafuta dizeli, hakurudi.

Kesho yake Hajji alipeleka lori lake. Dereva alikuwa mgeni, mama akakataa. Ikabidi Hajji apande mwenyewe, akiwa na dereva wake wa zamani aliyekuwa amestaafu. Alirudi jioni, matope yamemfika magotini.

"Binti, yule mama amenisimamisha kwenye mvua mpaka huyu dereva wangu mzee akashuka kunitambulisha," alisema. "Tovuti yetu nayo inaweza kuwa kali hivyo?"

Nikamwambia inaweza, ila hata yeye itamsimamisha.

Akasema sawa, lakini isiwe siku ya mvua.