Kitundu cha Ndege ya Ngomeni

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa ndege. Nilifika karakana ya uwanja wa Malindi na shati jeupe la kuazima, nikidhani nitapewa spana, nikapewa ufagio. Mhandisi Mkuu, mtu mfupi aliyekaripia hata alipokusalimu, alinisimamisha mbele ya ubao mkubwa ukutani. Ubao ule ulichorwa umbo la kila chombo cha kazi: spana, koleo, bisibisi. Tuliuita ubao wa vivuli. Jioni kila chombo kilirudi kwenye kivuli chake, na kivuli kimoja kikibaki kitupu hakuna aliyekwenda nyumbani, maana spana iliyosahauliwa ndani ya bawa yaweza kuzuia nyaya za usukani.

"Unaona nini?" aliniuliza.

"Sioni kitu, bwana."

"Basi fagia mpaka uone."

Nikafagia. Siku ya nne nikaona nati moja kwenye gurudumu haina mstari mwekundu. Kila nati tuliyoikaza tuliipaka mstari mwembamba wa rangi, kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikilegea, mstari unakatika na jicho linajua. Hii haikuwa na mstari kabisa. Nikanyamaza, kwani nani mimi, mtoto wa mkulima wa Ganze, nimwambie fundi kuwa amesahau? Kumbe Mhandisi Mkuu ndiye aliyeiacha hivyo makusudi, na alikuwa akinitazama muda wote.

"Uliiona," akasema. "Ukiona ukanyamaza, umeshatia sahihi."

Halafu akanieleza sheria ya karakana yake. Aliyetia sahihi kwenye kitabu cha ndege baada ya matengenezo makubwa, huyo ndiye aliyepanda pamoja na rubani safari ya kwanza. Haikuwa sheria ya serikali, ilikuwa yake mwenyewe. Nimepanda ndege kwa sheria hiyo miaka yote, na mara nyingine, nakiri, nimepanda huku nasali.

Baadaye nilihamishiwa kiwanja kimoja cha vumbi huko kaskazini, chini ya Msimamizi wa Karakana, mtu mpole aliyependa chai kuliko mshahara. Huko ndege ndogo ilituzimikia hewani. Rubani akaitua mchangani salama, nasi tukafungua kabureta siku tatu bila kuona kosa. Siku ya nne Msimamizi akaweka kikombe chini, akaingiza waya mwembamba kwenye kibomba cha pumzi cha tangi la mafuta. Ukatoka udongo. Nyigu alikuwa amejenga nyumba mle ndani.

"Tangi huvuta pumzi, Karisa," akaniambia. "Petroli ikitoka, hewa iingie mahali pake. Chukua chupa ya plastiki ya maji, ifunike kwa midomo, uinyonye. Si inabonyea na maji yanakatika? Basi."

Nilirudi Malindi, nikawa fundi mkuu, nikastaafu. Sasa nipo Gede na mbuzi wangu na mipapai. Leseni yangu naendelea kuihuisha, kwa ubishi tu. Mke wangu husema nimestaafu mikono lakini macho bado yako kazini, na hakosei.

Basi asubuhi moja akaja mwanamke mmoja kutoka Ngomeni, mwalimu wa shule ya msingi, jina lake Mwanajuma.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kiti."

Hakukaa. "Baba yangu ni Fundi Athumani, muunda mashua. Anaunda ndege."

Nilicheka, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimesikia habari hiyo sokoni nikadhani ni porojo.

"Usicheke, baba. Ni mwaka wa sita huu. Paa la nyumba yangu linavuja juu ya kitanda cha wanangu, yeye yuko na bawa. Mkaguzi wa serikali alikuja kutoka Nairobi, sisi tukafurahi tukajua atamkataza. Akasifu mbao! Akasema injini ikilia saa nzima bila kuzima, na fundi mwenye leseni akiandika hivyo kitabuni, atampa kibali cha majaribio. Injini yenyewe huzimika kila mara. Nakuomba uende, umwambie neno moja tu. Hairuki. Wewe atakusikia. Yule ndiye mzazi niliyebaki naye."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Kazi ya kusema hairuki niliiona nyepesi kuliko zote nilizowahi kupewa.

Lo! Nilipoingia banda la Fundi Athumani maneno yote yalinipotea. Nilitarajia jahazi lenye mabawa. Nikakuta kitu chembamba, chepesi, cha mbao za plai na kitambaa, viti viwili, bawa juu. Nikapitisha kidole kwenye maungio ya mbao nikitafuta gundi iliyofura au mwanya. Sikupata. Mkaguzi alikuwa amemwambia apime nguvu ya mabawa, naye akayapakia magunia ya chumvi kutoka kwenye mashamba ya chumvi ya jirani, gunia juu ya gunia, akayaacha siku mbili. Yalipinda yakarudi. Injini ilikuwa ya lile gari dogo la mgongo wa kobe, wazee wenzangu watalikumbuka.

"Bwana Karisa," aliniambia, mzee mrefu aliyekauka kwa jua, kalamu ya risasi sikioni, "wallahi sina wazimu. Nimeunda vyombo hata hesabu imenipotea. Kila kimoja kikiisha, mwenyewe huja akakipanda, akaenda zake. Mimi hubaki hapa na maranda ya mbao. Hiki nimekiunda nikipande mimi."

Nikamwambia aiwashe.

Injini ililia vizuri, nami nikaangalia saa. Dakika ya tisa ikakohoa, ikazimika. Athumani, bila haraka, akafungua kifuniko cha tangi aone mafuta yamebaki kiasi gani, akakifunga, akaiwasha tena. Ikawaka kama vile haikuwa na neno. Dakika ya tisa, kimya. Akafungua kifuniko tena.

Safari hii nilikuwa karibu. Nikasikia: fyuu! Tangi lilivuta hewa kama mtu aliyetoka kupiga mbizi.

Nikaomba kile kifuniko. Kilikuwa cha gari lile lile, nacho kilikuwa na kitundu chembamba katikati, tangu kiwandani. Kitundu kilikuwa kimezibwa kwa pamba iliyokolezwa sifa, yale mafuta ya samaki wanayopaka mashua, juu yake gundi, kazi safi kabisa. Kalafati! Mzee wa watu maisha yake yote kazi yake ni kuona tundu na kuliziba. Ameona tundu, ameliziba. Na kila alipofungua kifuniko kutafuta ugonjwa, alikuwa anautibu mwenyewe bila kujua.

Nikamrudishia kifuniko. Nikasema nitafikiri.

Nataka niwaambie ukweli nyinyi vijana, wala sijioni mwema. Wiki nzima nilikaa Gede nimenyamaza. Nilijiambia: ndege isiyolia saa nzima haipati kibali, isiyo na kibali hairuki, Athumani atazeeka salama na mwalimu wa watu atalala. Nani ameumia? Lakini nilikuwa nikimwagia mipapai maji nasikia fyuu. Nakula nasikia fyuu. Maana dakika tisa zinatosha kabisa kuipeleka ndege juu. Akichoka kungoja karatasi, mzee yule, akaondoka nayo asubuhi moja peke yake? Na ile nati isiyo na mstari ikanirudia, na Mhandisi Mkuu, marehemu, na ufagio wangu.

Nikarudi Ngomeni. Mwanajuma alinikuta njiani kabla sijafika bandani.

"Nimeujua ugonjwa wa injini," nikamwambia.

"Basi nyamaza nao. Sikukuita uitibu, baba."

"Nikinyamaza, siku moja itamzimikia juu. Nitakuwa nilijua."

Macho yakamjaa machozi, ya hasira zaidi kuliko huzuni. "Haya. Tia sahihi yako. Lakini upande wewe kwanza!"

"Ndivyo tunavyofanya," nikasema. "Tangu siku yangu ya kwanza."

Alinitazama kama asiyeamini, akaondoka bila kuaga.

Nilikizibua kile kitundu kwa sindano. Athumani alisimama pembeni akiteseka kama ninamtobolea mashua. "Mvua ikinyesha je?" aliuliza mara tatu. Tukaiwasha injini. Dakika ya tisa ikapita, ya kumi ikapita, na ilipotimia saa nzima bado inalia. Nikaandika kitabuni, nikatia sahihi.

Kibali kilipokuja tuliisukuma hadi kwenye uwanda mkavu nyuma ya mashamba ya chumvi. Rubani alikuwa Kapteni, mama mmoja mstaafu kutoka bara aliyehamia Watamu, ambaye naye aliikagua nusu siku nzima kabla ya kukubali. Nikamweleza Athumani sheria ya sahihi.

"Hata hiki?" akasema. "Hata hiki kitapandwa na mtu mwingine kwanza?"

"Mzunguko mmoja tu, ndugu yangu."

Sitawachosha kwa habari za mzunguko ule. Nilikuwa nimekuja Ngomeni kusema hairuki, na gurudumu lilipoacha ardhi nilipiga ukelele Kapteni akadhani nimeumia. Nilitazama kila ungio, kila nati, kila mstari mwekundu nilioupaka. Hakuna uliokatika. Tulipotua, Athumani alikuja mbio, na swali lake la kwanza lilikuwa, "Imevuja?"

"Haikuvuja."

"Alhamdulillahi." Akaanza kupanda.

Mwanajuma alikuwa amesimama mbali wakati wote. Akaja sasa, akamfunga baba yake mkanda, akauvuta mara mbili, akarudi kusimama karibu nami na simu mkononi, akihesabu dakika. Ndege ikaondoka, Kapteni usukani, ikazunguka, ikaelekea juu ya mikoko hadi ikawa sauti tu. Alijua habari ya dakika ya tisa. Ilipofika alinishika kifundo cha mkono kwa nguvu, alama zake nilikwenda nazo Gede. Upepo ukaichukua ile sauti, tukabaki hatusikii kitu. Kisha ikarudi, inalia, haibadiliki. Mwalimu akakaa chini palepale kwenye chumvi.

Watu huniuliza kama nilifanya vyema. Mimi sijui kama chombo kile kitamfikisha Athumani miaka mingi. Kila anapotaka kuruka hunipigia simu, nami naenda kuiangalia ndege, kisha natia sahihi. Najua tu kwamba siku ile, walipotua, mzee alishuka taratibu, akavua kofia, akasimama mbele ya binti yake kama mtoto aliyekosa.

"Umeona nini, baba?" Mwanajuma akamuuliza.

"Nimepita juu ya nyumba yako," akasema. "Paa lina tundu kubwa, mwanangu. Kesho nakuja kuliziba."