Nyuma ya Kabati la Baba Mkwe

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na wanaonifahamu hapa Bariadi hawatabisha. Lakini siku ninayotaka kuieleza hasira hazikunifaa kitu. Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya kabati la televisheni, sebuleni kwa wakwe zangu kule Ngulyati, mama mkwe amekaa upande wa mbele, na mimi sina pa kutokea.

Nianze na mke wangu, maana bila yeye nisingekuwa na la kueleza. Alikuwa ameondoka kwangu miezi mitatu kabla. Hakufukuzwa wala hakupigwa. Aliondoka kwa sababu ya cherehani. Ilikuwa yake, aliinunua kwa pamba ya shamba alilolima kwa mikono yake kabla hatujaoana, na nusu ya watoto wa mtaa wetu walivaa sare alizoshona yeye. Mimi nilikuwa fundi redio. Miaka ile soko huria lilituletea vitu vyote kwa mkupuo, wanunuzi binafsi wa pamba, malori ya mitumba, simu za mkononi, na madishi. Aliyeuza pamba vizuri alitaka dishi kabla hata ya kubadilisha bati. Nikajiona nimebaki nyuma. Siku moja mke wangu alikwenda Shishiyu kumwona shangazi yake mgonjwa. Huku nyuma nikauza cherehani, nikapanda basi hadi Mwanza, nikarudi na risiva mpya ya kidijitali, kile kisanduku cha kupokea picha za dishi, pamoja na waya wa kuhamishia programu.

Aliporudi alikuta alama za miguu ya cherehani kwenye sakafu. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu mwenye mipango, kwamba nitamnunulia nyingine. Kesho yake alifunga nguo zake kwenye kitenge akaenda kwao. Mimi nikasema moyoni, ataenda wapi, mwenyewe atarudi. Wiki zikapita. Nikawa napika ugali mbichi, nakula peke yangu, na bado kiburi kinaniambia nisimfuate.

Ndipo dereva wa lori la pamba akaniletea salamu za baba mkwe: njoo, dishi limekufa. Loh, nilifurahi! Baba mkwe alikuwa wakala wa mnunuzi mmoja wa pamba, na televisheni yake ilijaza jirani uani kwake kila Jumapili. Nikajiambia, nikimrudishia picha yake, nitapata pa kuanzia, nitamwomba mke wangu mbele ya baba yake na mzee hataweza kuninyima. Niliosha baiskeli. Nilivaa shati la harusi.

Dishi lenyewe halikuwa limekufa. Kituo cha matangazo kilikuwa kimebadilisha namna yake ya kurusha, na risiva za zamani hazikuelewa tena kinachokuja kutoka angani. Dawa yake ilikuwa kuipa risiva programu mpya, kutoka kwenye risiva nyingine ya aina ileile iliyokwisha kuipata. Unaunganisha mbili kwa waya, nzima inaimwagia mbovu, namba zinapanda kwenye kioo mpaka mia. Kwa zile za zamani ilichukua karibu nusu saa. Na katika nusu saa hiyo umeme ukikatika, risiva imekwisha, unabaki na bati lenye taa nyekundu. Ndiyo maana fundi hasogei. Nyumbani nilikuwa nakaa nazo kama mtu anayeuguza, na mke wangu alinicheka kwa hilo.

Sasa lazima nieleze jambo la kwetu. Kwetu Usukumani mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Siyo ugomvi, ni heshima kubwa kuliko zote. Mkikutana njiani mmoja anaingia porini. Ukifika nyumbani kwao unakohoa ukiwa bado mbali, na yeye akisikia anahama, anapita mlango wa jikoni, mnasalimiana ukuta ukiwa katikati. Kikohozi ndiyo hodi yetu. Anayekaa kimya mahali alipo mkwe wake ni mtu asiyelelewa.

Basi nilikohoa tangu kwenye mkonge wa uani. Baba mkwe akatoka akanisalimu, "Mwangaluka," nikainama, nikajibu kwa heshima zote. Akaniambia mama yupo kisimani na mke wako, hawatarudi mpaka jua liwe kali, fanya kazi bila wasiwasi. Akawasha jenereta nje, chini ya dirisha, nami nikaingia.

Sebule ilikuwa imejaa magunia ya pamba iliyokuwa ikisubiri bei ipande. Kabati la televisheni lilikuwa zito, limewekwa mshazari kwenye kona, na nyuma yake palibaki nafasi ya mtu mmoja mwembamba. Kwanza nilijaribu njia fupi, nikairudisha risiva kama ilivyotoka kiwandani. Namba ya siri sifuri nne, kubali, subiri. Ikafuta hata zile stesheni mbili zilizokuwa zinaonekana kwa kukwaruza. Baba mkwe akashika kichwa.

"Umeua kabisa!"

"Hapana baba, nimeifua tu. Sasa naivisha."

Nikaingia kule nyuma na risiva yangu, nikachomeka waya, nikaanzisha. Namba zikaanza kupanda. Baba mkwe akachungulia, akaridhika. Mara tukasikia honi ya lori kule kwenye mzani wa pamba. Mzee akaruka.

"Naazima baiskeli yako, narudi sasa hivi." Akaondoka nayo.

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa. Dakika chache baadaye wanawake wakarudi kutoka kisimani mapema. Baiskeli haipo uani, kwa hiyo mkwe amekwisha kwenda zake. Mtu yeyote angefikiri hivyo. Viatu vyangu nilikuwa nimeingia navyo kwa sababu ya miba ya pamba sakafuni. Nilisikia ndoo zikitua, kisha mama mkwe huyo sebuleni, akajitupa kwenye mkeka na kushusha pumzi, "Aaah, mgongo wangu." Nikamsikia anafungua kilemba.

Nilipaswa kukohoa hapohapo. Kikohozi kilikuwa kimefika kooni, naapa. Lakini kabla sijakitoa, sauti ya mke wangu ikamwambia mama yake, "Mayu, niulize tena lile la jana."

Nikanyamaza. Nilitaka kusikia hilo la jana. Sekunde tano zilitosha kunifunga, kwa sababu baada ya hapo nikikohoa, ningekuwa nakiri kwamba nilikuwepo tangu alipofungua kilemba na nimekaa kimya. Mlango ulikuwa mmoja, upande wao. Dirisha lilikuwa na nondo. Magunia yalinibana mbavu, jasho linanichuruzika mpaka kwenye soksi, na vumbi la pamba likaanza kunitekenya pua. Chafya ikaja. Nikabana pua kwa vidole vyote, macho yakatoka, nikaimeza. Nikaona nyota.

"Nilikuuliza utakaa hapa mpaka lini," mama akasema. Walikuwa wanapaza sauti kwa sababu ya jenereta, na kila neno lilinifikia kama nimekaa nao mkekani.

"Mpaka aje."

"Si kaja leo?"

"Kaja kwa dishi, mayu. Kaitwa kwa dishi, kaja siku ileile. Mimi nimekaa miezi mitatu, hajaja hata kuuliza kama nimefika salama."

Ilikuwa kweli tupu. Mama mkwe akauliza, "Na hicho kinachotembea kwenye kioo ni nini?"

"Inahesabu," mke wangu akasema. "Arobaini na moja."

"Cherehani siyo tatizo," akaendelea, na sasa alikuwa anaongea taratibu, kwa sauti kubwa kuliko mwanzo. "Angeniambia anataka kuiuza, labda ningekubali. Ningeweza hata kwenda naye Mwanza kuchagua. Lakini alingoja nitoke. Kama mwizi, mayu, ndani ya nyumba yake mwenyewe. Tangu siku ile nikilala najiuliza, nikitoka tena atauza nini."

"Mwanaume wa hivyo wa nini basi?" mama akasema. "Turudishe ng'ombe zao, yaishe. Baba yako nitaongea naye leo."

Kurudisha mahari ndiyo mwisho. Ukisikia ng'ombe zimerudi, ndoa imezikwa. Nikasubiri mke wangu aseme hapana.

"Sitaki ng'ombe zirudi," akasema. "Bado namtaka. Nashangaa mwenyewe, lakini bado namtaka. Nataka neno moja tu. Aseme nimekosa. Asilete cherehani, asilete shangazi wa kumsemea, afungue mdomo wake mwenyewe aseme. Akisema leo, leo naondoka naye."

Enyi watu! Neno moja! Nilikuwa nalo, lilikuwa limejaa mdomoni. Ningekohoa tu, mama angechukua kilemba chake na kukimbilia jikoni, angenilaani wiki nzima, tungetoa mbuzi wa kusafisha aibu, yangekwisha. Nilijua hayo yote. Lakini niliiwazia ile aibu, mkwe aliyekutwa amejificha kama panya nyuma ya kabati, habari ifike kisimani, ifike kwenye mzani, ifike Bariadi kabla yangu. Nikajiambia, subiri watoke. Nitamwambia baadaye, nikiwa nimesimama vizuri, shati limekauka. Nikajikunja zaidi.

Mke wangu alikaa kimya muda mrefu sana, kama mtu aliyegonga mlango anasubiri.

"Sitini na mbili," akasema mwishowe, na sauti yake ilikuwa imechoka.

Mama mkwe akainuka. "Hii mashine inakula petroli bure, wenyewe wamekwenda zao. Ngoja nikazime."

Nikasikia miguu yake inaelekea mlangoni. Hatua ya kwanza. Ya pili. Niliiona risiva ya baba mkwe inakufa, nikaiona na yangu imeunganishwa nayo, nikamwona mzee anarudi anakuta taa nyekundu.

Nikakohoa.

Kilitoka kikohozi kikubwa, cha wazi, cha mtu mwenye mapafu mazima. Mama mkwe akapiga yowe, "Yayaaa!" akajifunika uso kwa kanga na kutoka mbio, akapiga ndoo teke, nikasikia maji yakimwagika na sauti yake ikiishilia nyuma ya jiko. Jenereta likaendelea kunguruma.

Mke wangu hakukimbia. Alikuja mpaka kwenye kabati akasimama. Niliona vidole vyake vimeshika ukingo wa juu.

"Kumbe sauti unayo," akasema.

"Mke wangu—"

"Nilijua upo tangu nilipoingia. Inahesabu, na fundi haachi mashine inayohesabu, si ulinifundisha mwenyewe? Nilisema yote yale kwa ajili yako. Nilikuwa nasubiri ukohoe, mayu atoke, tuongee. Nimekufungulia mlango mpaka nimeona aibu mbele ya mama yangu. Kimya. Lakini risiva ilipotaka kuzimwa, ukakohoa."

"Nimekosa," nikasema. Nililisema, wallahi. Nililisema mara mbili. "Nimekosa, mke wangu."

"Sasa hivi unamwambia nani?" akauliza, bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Ningependa anitukane. Alinitazama nilivyojikunja pale kati ya waya na magunia, kisha akatazama kioo.

"Sabini na tisa. Kaa nayo, isije ikakuharibikia."

Akatoka. Na mimi, Mungu anisamehe, sikumfuata. Hata leo nikiulizwa kwa nini sikuukanyaga ule waya nikamkimbilia, nataja woga tu. Niliogopa mama mkwe yuko uani, niliogopa mzee, niliogopa kazi kuharibika. Nilibaki nimechuchumaa, miguu imekufa ganzi, natazama namba kwenye kioo kidogo cha risiva yangu. Themanini na nne. Tisini. Tisini na saba. Sijawahi kuchukia kitu kama nilivyochukia zile namba, na bado nilizisubiri.

Ilifika mia. Risiva ikajizima, ikajiwasha yenyewe, nikatafuta stesheni, zikaingia zote, safi kabisa, picha kama maji. Baba mkwe alirudi na jirani wawili, akapiga makofi, akaniita mwanangu, akasema fundi kama mimi hayupo Bariadi nzima. Nikamwambia baba, nina ombi, namwomba mke wangu. Akacheka kwa furaha, akaita jina lake mara tatu kuelekea jikoni. Alijibu mama mkwe, ukuta ukiwa katikati yetu kama inavyotakiwa.

"Mwambieni mkwe, binti yangu amesema aende salama. Ng'ombe zake zitakuja mwezi ujao."