Mtoto wa Marehemu

Tulikuwa watu watatu tuliozunguka kupinga namba mpya ya serikali ya kumsajili kila mtu: mimi mjane wa Rusinga, mwalimu mmoja mstaafu, na jirani yangu anayeanika omena, dagaa wa ziwani. Tulitafuta saini za kupeleka mahakamani, tuseme mambo ya nyumba zetu yasirundikwe kwenye kompyuta moja ambayo hatujui ni nani anaifungua. Nilichoka mapema, wala sioni haya kusema.

Watu hawakuwa na haja nasi. Kule Osiri, mchimba dhahabu mmoja, vumbi mpaka kwenye kope, aliichukua karatasi yetu akaisoma polepole. Ilikuwa na mahali pa jina, pa namba ya kitambulisho na pa saini, maana wakili wetu alisema saini bila namba ni kazi bure.

"Kwa hivyo, mathe," akaniuliza, "unataka namba yangu ndiyo upinge hao wanaotaka namba yangu?"

Wenzake walicheka mpaka mmoja akaketi chini. Nami nikacheka, ningefanya nini. Tulirudi na saini tano na miguu imevimba.

Mwalimu alihubiri katiba kila tulipokwenda. Mimi sababu yangu sikuisema. Sababu yangu ilikuwa kitindamimba wangu.

Mume wangu alifariki nikiwa bado kijana. Kwetu, mjane akirithiwa na shemeji yake, mtoto atakayezaliwa si wa shemeji, ni wa marehemu. Ataitwa kwa jina la marehemu, atakula shamba la marehemu, na hakuna mwenye adabu atakayekaa kuhesabu miaka. Binti yangu alizaliwa miaka mitatu baada ya mazishi. Naibu wa chifu aliandika jina la mume wangu kwenye fomu ya kuzaliwa bila kuinua macho, kwani alikuwepo kwenye matanga na alijua. Mtoto akakua akilifagia lile kaburi kila Jumamosi, na ng'ombe wa jirani akisogea karibu humsikii mtu mwingine akifoka ila yeye. Hakuwahi kuwa na baba mwingine.

Basi akapata nafasi kwenye chuo cha uuguzi. Chuo kikataka kitambulisho, na kitambulisho cha siku hizi kinataka namba ya baba.

Karani wa ofisi ya vitambulisho alikuwa mwanamke wa rika langu, mtu wa huku huku. Alibonyeza, akangoja, akabonyeza tena, kisha akashusha sauti.

"Mama, inakataa. Inasema baba yake alikufa miaka mitatu kabla hajazaliwa."

"Na wewe unajua ni kwa nini."

"Mimi naelewa, mama. Hii ndiyo haielewi."

Sasa sikia ujinga wangu. Mume wa jirani yangu wa omena alikufa karibu wakati mmoja na wangu. Wakamzika, wakalia, yakaisha. Hakuna aliyepeleka habari ofisini, kwa hivyo kwenye kompyuta mzee yule yu hai hadi leo, na wanawe waliozaliwa baada ya kifo wamepata vitambulisho bila swali. Mimi, kwa kuwa nimesoma kidogo, nilifunga safari mpaka mjini kuandikisha kifo na kuchukua cheti, nikarudi najiona mtu wa maana. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Njia zilikuwa mbili. Aandikwe mtoto wa shemeji, na shemeji alikubali, maskini, ila hapo tungekuwa tumemng'oa binti kwenye nyumba ya baba yake na kumfanya mgeni kwenye shamba lake mwenyewe. Au mimi niape mbele ya wakili kwamba baba hajulikani, angalau asiandikwe wa nyumba nyingine.

Nikamwambia tungoje kesi yetu, ambayo mwalimu alikuwa ameifungua kwa saini zile zile chache. Kesi iliahirishwa, ikaahirishwa tena. Kila mara mwalimu alinipigia simu na kuniambia tusife moyo, nami nilimjibu vizuri, kisha nikaizima simu.

"Mama," binti akaniambia jikoni, "usajili wa chuo unafungwa Ijumaa. Kesi inaisha lini?"

Nilimkasirikia kwa sababu alikuwa na haki. Nilimwambia aangalie mboga.

Alhamisi tulikwenda kwa wakili. Aliisoma ile hati kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili, kwamba mimi, nikiwa na akili zangu timamu, simjui baba aliyemzaa mtoto huyu. Binti alikuwa ameketi kando yangu. Nilitia saini, nikaona aibu kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Watu wangapi nilikuwa nimewaambia serikali isijue mambo ya nyumba zao! Yangu sasa nilikuwa naipelekea mwenyewe, na yalikuwa uongo.

Ofisini mashine ilikubali mara moja. Karani hakuniangalia.

Tulitembea mpaka njia panda. Kisha binti akaniuliza, taratibu tu, wala si kwa ubishi: "Mama, wakiniuliza chuoni baba yangu ni nani, nijibu ya nyumbani ama ya kadi?"

Nikamwambia ajibu ya kadi, wasije wakamrudisha.