Siku Mtani Alipokunja Mkeka wa Mama

Wewe unayenisikiliza, kabla sijafika kwa mama yangu na mkeka wake, nikueleze kwanza habari ya utani, maana vijana wengi siku hizi wanadhani ni mzaha tu. Sisi ni Wanyamwezi. Wazaramo, wenyeji wa Temeke, ni watani wetu tangu babu zetu waliposhuka pwani na mizigo kichwani. Mtani anaruhusiwa kukutukana, nawe huruhusiwi kukasirika. Hata msibani huja akafanya vichekesho mbele ya wafiwa, na hiyo ndiyo kazi yake: kuwashika wasizame.

Baba alikuwa fundi wa relwe. Alituleta Temeke muda mfupi baada ya vita vya pili, tukajenga nyumba ya udongo na makuti katikati ya mashamba ya mihogo. Nazikumbuka asubuhi za pale: moshi wa vifuu vya nazi, mama akiimba huku anatwanga, na mdogo wangu wa kike kashika pindo la kanga yake. Mtoto yule alikuwa na haya kupita kiasi. Ukimtuma chumvi kwa jirani, hatoki mpaka mtu amshike mkono. Mara nyingi mtu huyo nilikuwa mimi, nikinung'unika njia nzima. Mpaka leo kiganja changu kinaukumbuka ule mkono, mdogo, wenye jasho.

Alikuwa na miaka saba homa ilipomchukua. Siku tatu tu. Kwetu bara angezikwa jirani na nyumba, yaliko makaburi ya bibi na babu. Lakini bara ni mbali, na maiti haingoji. Tulimzika kwenye mchanga wa Temeke, makaburini ambako hatukuwa na ndugu hata mmoja.

Desturi ilikuwa wafiwa walale chini, mkekani, mpaka siku ya kuondoa tanga. Siku hiyo nyumba hufagiwa, watu hula pamoja, kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Siku ikafika, watu wakala, wakaondoka. Mama akabaki mkekani. Wiki ikapita, ikawa mwezi. Hakutwanga, hakuimba. Uji alikunywa vijiko viwili akasukuma bakuli. Wenzetu wa kanisani walikuja kusali nyumbani, na walipofika kwenye maneno ya imani yanayotaja ufufuo, mama alifunga mdomo. Nilimwona. Niliogopa kuliko siku ya mazishi, maana nilidhani naye ameamua kutuacha.

Mzee wa kanisa alimweleza habari za mbinguni kwa upole mwingi: huko hakuna homa, hakuna machozi. Mama aliitikia, "Ndiyo, baba," akageukia ukutani.

Ndipo asubuhi moja akaja jirani yetu, mama wa Kizaramo, Mwislamu, na bakuli la mihogo ya nazi.

"Hodi humu! Huyu Mnyamwezi bado kalala? Mizigo aliibeba babu yako, umechoka wewe?"

Mama akavuta kanga usoni.

"Basi sogea. Mkeka wenyewe tumesuka sie, halafu mnaulalia peke yenu." Akajilaza ubavuni mwa mama, miguu ikibaki nje kwenye udongo.

Nilikuwa pembeni napepeta mchele. Wakalala hivyo kitambo, wote wawili wakitazama makuti. Kisha mtani akauliza, safari hii bila mzaha, "Shoga, unamwogopea nini mtoto?"

Mama alichezea ukingo wa mkeka kwanza. "Ana haya," akasema. "Hamjui mtu huko. Nani atamshika mkono?"

Ungo ukanitulia mkononi.

"Mama yangu yuko huko," mtani akasema. "Atampokea. Bibi yule hakuwahi kumwacha mtoto alie mlangoni, hata wa Kinyamwezi mwenye kichwa kikubwa."

"Nani ana kichwa kikubwa?"

"Nyie nyote! Vichwa vya kubebea pembe za ndovu."

Mama akacheka. Kilikuwa kicheko kikavu, kama kikohozi, na papo hapo kikageuka kilio. Alilia sana, mtani kamshika tu mabega. Alipokwisha kulia akajifuta uso kwa kanga, akasema kwa ukali kidogo, kama mtu anayebishana, "Mama yako apumzike zake. Mwanangu ana wa kumpokea. Yesu aliwaita watoto wakati wakubwa wanawafukuza. Hatamwacha asimame mlangoni." Kisha akaketi, kama mtu aliyeyasikia maneno yake mwenyewe.

Nimelifikiri jambo hili miaka mingi. Mama hakuwa na shaka kwamba mbingu ipo. Alihofia mwanawe atakuwa mpweke huko, na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Mzee wa kanisa alisema kweli, ila alijibu swali la mtu mwingine. Hofu ilipotoka mdomoni, yale aliyofundishwa mama tangu utotoni yakapata mahali pa kukaa.

"Haya," mtani akasema, "kama mtoto ana mwenyeji, inuka. Mie nataka kuku wangu, haki ya mtani msibani." Akaanza kuukunja mkeka mama akiwa bado na mguu mmoja juu yake. Akaondoka na jogoo wetu kwapani, akitutukana mpaka barabarani. Jioni baba aliuliza jogoo yuko wapi. "Kachukuliwa na mtani," mama akajibu. "Tanga limekwisha."

Huzuni haikwisha. Lakini Jumapili iliyofuata nilisimama karibu naye kanisani kusudi nimsikilize. Alipofika kwenye ufufuo sauti ilitetemeka, ila aliyasema maneno yote. Tangu hapo nimezika wengi, na yeye mwenyewe nimemzika, nikiamini kwamba amekwenda kuushika ule mkono.

Nawe ukienda kwa mfiwa, usianze na mahubiri. Kaa naye chini, muulize anamwogopea nini mtu wake, kisha nyamaza mpaka ajibu.